Begi la kikomandoo lenye mrija wa maji: nililolibeba Kilimanjaro

Siku hizi kila kundi linalokuja kupanda mlima kutoka Dar, Dodoma au Mwanza lina watu wawili watatu waliobeba begi la kikomandoo: jeusi au la rangi ya udongo, limejaa mikanda mbele na ubavuni, mrija wa maji unaning'inia begani. Kwenye makundi ya Desemba 9, wale wanaopanda kusherehekea Uhuru, ndiyo usiseme. Wanafika lango la Marangu wamependeza kama wako kwenye oparesheni, na tukishaanza kutembea swali la kwanza huwa, "Kaka, hivi hapa nimenunua kitu cha maana au nimepigwa?"

Mimi ni muongoza wageni. Nimeanzia kwenye ugumu, yaani upagazi, maana wapagazi wa huku wanaitana wagumu, na begi la aina hiyo nimelibeba mwenyewe kwenye njia za Machame na Marangu, na Mlima Meru. Jibu langu ni hili: begi lenyewe umepata. Mfuko wa maji uliokuja nao ndani, hapo umepigwa. Na hata ukiutoa ukaweka mfuko mzuri wa bei kubwa, kuna usiku mmoja mlimani ambao mrija si wa kuutegemea hata kidogo.

Kwanza niutetee mrija, maana wapo wakongwe wa kazi hii wanaouona ni mapambo ya wageni. Mtu mwenye chupa anakunywa tukisimama. Mwenye mrija anakunywa huku anatembea. Huku juu tunawaambia wageni wanywe lita tatu hadi nne kwa siku, na aliyemeza Diamox, vile vidonge vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, anakojoa kutwa nzima, kwa hiyo anahitaji kurudisha hayo maji. Sasa chupa iko kwenye mfuko wa ubavuni, mkono haufiki, mwenyewe anaona aibu kumsumbua mwenzake amtolee, basi anajisemea "nitakunywa tukifika." Anafika kambi ya Horombo, mita 3,720, kichwa kinamgonga na chakula hakitaki. Wa mrija anavuta funda moja, anapiga hatua zake, anavuta jingine, wala hajui kama amekunywa. Jioni nikipita kuuliza nani amemaliza maji yake, wanaonyoosha mkono wengi ni wale wa mrija. Isitoshe, KINAPA, yaani wasimamizi wa Hifadhi ya Kilimanjaro, hawaruhusu zile chupa za plastiki za kunywa na kutupa kuingia hifadhini, kwa hiyo chombo chako mwenyewe lazima uwe nacho, kiwe chupa ngumu au mfuko.

Watu wengi wanadhani wazo hili lilitoka jeshini. Halikutoka huko. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na mhudumu wa gari la wagonjwa huko Texas, Michael Eidson, aliyeingia kwenye mbio za baiskeli za maili 100 pale Wichita Falls, kwenye joto kali. Alichukua mfuko wa dripu akaujaza maji, akautumbukiza kwenye soksi ndefu, akaishonea mgongoni mwa fulana yake, mrija akaupitisha begani na kuubana kwa kibanio cha nguo. Kutokana na hapo ikazaliwa CamelBak. Majeshi yalikuja kununua baadaye. Nalitaja hili kwa sababu linasaidia ukiwa dukani: begi na mfuko wa maji ni vitu viwili tofauti vilivyokutanishwa. Hata mabegi ya kikomandoo yenye jina kubwa, mfano yale ya RUSH ya 5.11, yanakuja na nafasi ya kuweka mfuko wa maji, lakini mfuko wenyewe unajitafutia. Kwa hiyo ukiona begi la bei ya kawaida linauzwa na kila kitu ndani, jiulize ni wapi walipobana matumizi. Mimi nakuambia walibana kwenye maji.

Sasa begi. Langu ni jeusi, lita 30 kwa mujibu wa kikaratasi chake, halina jina la kampuni la maana, na kijana aliyeniuzia Kariakoo aliapa kwamba ndilo wanalotumia makomandoo wa Marekani. Nilimwacha aape. Niliangalia mambo yangu.

Kitambaa kinaandikwa kwa namba yenye herufi D mwishoni: 500D, 600D, 900D, 1000D. Namba hiyo ni uzito wa uzi, yaani mita 9,000 za uzi huo zina gramu ngapi. Wauzaji wanaitaja kama vile namba kubwa ndiyo ushindi, ila wanaruka swali la uzi wenyewe ni wa nini. Nailoni ya 500D inavumilia kuparuzwa na mawe kuliko poliesta ya 600D. Mabegi mengi ya bei yetu ni poliesta, langu pia, na sina ugomvi nalo. Limekwaruzwa Barranco, limeburutwa kwenye paa la Hiace, bado zima. Ninachokuomba uangalie ni utando wa ndani, ule unaozuia maji. Ligeuze, upitishe ukucha. Kama unatoka unga mweupe au unanata vidole, begi hilo limekaa sana stoo kwenye joto na litakuwa linakubabukia ndani ya nguo. Wa Dar hasa, msiyahifadhi mabegi haya kwenye buti la gari.

Halafu nenda moja kwa moja pale mkanda wa bega unapoingia kwenye begi, juu na chini. Hapo ndipo begi linapofia. Unatafuta mshono uliorudiwa, ule wa kwenda na kurudi mara nyingi kwa kubanana, na ikiwezekana msalaba ndani ya mraba. Langu juu lilikuwa sawa, chini lilikuwa na mstari mmoja mwembamba tu. Kabla halijapanda mlima nililipeleka kwa fundi viatu mjini Moshi. Alilipindua, akavuta mkanda kwa nguvu mpaka matundu ya sindano yakafunguka, akaniangalia juu ya miwani. "Huyu aliyelishona alikuwa anawahi basi." Akaupiga mshono upya kwa uzi wa viatu na kipande cha ngozi ndani, elfu tano, na hapo pamekuwa pagumu kuliko sehemu nyingine yoyote ya begi.

Zipu ziwe kubwa na ziwe na kamba za kuvutia, maana utazifungua ukiwa na glavu. Velkro zile za mbele, za kubandika bendera na jina, mimi nazichukia. Saa kumi alfajiri kambini mtu mmoja akifungua mfuko wake wa velkro, hema tano zinaamka.

Mikanda yote ile iliyoshonwa kwa mistari mbele ndiyo mfumo wa MOLLE, wa jeshi la Marekani, ulioanza miaka ya 1990 mwishoni. Kazi yake ni kubandika vimifuko vya ziada. Mkanda una upana wa milimita 25, nafasi kati ya mkanda na mkanda ni hiyohiyo, na mishono inapishana kwa milimita 38 hivi. Chukua rula uende nayo; wala usione haya. Kwenye begi feki nafasi hazilingani, kwa hiyo kimfuko ulichonunua kwingine hakiingii, au kinaingia na kucheza. Lakini swali langu kwa mpanda mlima ni: unataka kubandika nini? Mimi nimebandika kimoja tu, cha huduma ya kwanza, kwa sababu nataka kukichomoa kizima na kumkimbilia mtu. Vingine vyote nimetoa. Msitu wa Machame una matawi yanayonasa kila kinachoning'inia. Na kwenye ukuta wa Barranco kuna lile jiwe la kubusu, unalikumbatia mwamba uso kwa uso huku mgongo uko hewani, mahali ambapo kila kitu kilichobandikwa nyuma ya begi kinakuvuta kwenda usikotaka kwenda. Wageni wangu wakifika hapo na vimifuko vyao vinne vitano, nawasimamisha na tunavitoa.

Begi tupu ni zito. Nililiweka kwenye mizani ya sukari dukani kwa jirani: kilo moja na robo tatu. Ukitia lita tatu za maji, ambazo ni kilo tatu, una karibu kilo tano mgongoni kabla hujaweka sweta wala koti la mvua. Ndiyo maana nasisitiza mkanda wa kiunoni. Mabegi mengi ya kikomandoo ya bei ndogo yana mkanda mwembamba tu wa kufunga tumboni, hauna sponji, haubebi chochote. Uzito wote unabaki mabegani. Tafuta lenye mkanda mpana wenye sponji inayokaa juu ya mfupa wa nyonga, na ndani ya mgongo wa begi pawe na ubao wa plastiki. Dada zangu wenye kiwiliwili kifupi, lijaribuni likiwa na mzigo, siyo tupu, kwa sababu mengi yametengenezwa kwa mwanaume mrefu na mkanda wa kiunoni unawaangukia mapajani.

Ukubwa: lita 25 hadi 30 zinatosha. Begi kubwa la safari linabebwa na mgumu wako, ambaye kisheria hapaswi kuzidi kilo 20 kwenye mizani ya langoni. Wewe mgongoni una maji, koti la mvua, nguo ya joto, vitafunwa, kamera, dawa. Wanaonunua lita 45 hawabebi zaidi kwa sababu wanahitaji. Wanabeba kwa sababu nafasi ipo.

Sehemu ya chini ya begi utaona vitundu viwili vyenye vyuma. Ni vya kutolea maji kama mfuko ukivuja. Ni jambo zuri, isipokuwa ukiliweka begi chini kwenye tope la Machame, maji yanaingia kwa njia hiyohiyo. Liweke juu ya jiwe au juu ya kiatu chako. Na mvua ya msituni haitaki mchezo, begi haliji na kifuniko, kwa hiyo nunua cha kwake au weka vitu ndani ya mfuko mzito usiopitisha maji, wa kutumia tena na tena.

Kuhusu rangi naomba tuelewane. Usinunue la mabaka. Hata likiwa bei nusu, hata akikupa bure. Sheria zetu haziruhusu raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo, na Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa wenye mavazi ya namna hiyo kuyasalimisha. Sitaki kusimama stendi ya Moshi nikibishana na askari kama begi ni vazi au si vazi. Ukivuka kwenda Uganda na begi la mabaka ni kesi ileile. Nyeusi, kijivu, bluu, hata ile ya udongo isiyo na mabaka, zipo tele. Na kama limekuja na bendera ya Marekani imebandikwa kwa velkro, ibandue uweke ya kwetu, au uache wazi.

Tuje kwenye mfuko wa maji, ambao ndio sababu ya watu kulinunua begi hili.

Uliokuja na begi langu ulikuwa wa plastiki ya bluu nyepesi, lita tatu, mdomo wa kizibo cha kuzungusha mdogo kuliko ngumi. Nilipoufungua harufu ilitoka ya pazia jipya la bafuni. Niliuosha, nikaulaza na maji ya limau usiku kucha, nikaosha tena. Harufu ikapungua, ladha ikabaki. Ukichemsha maji ukayatia yakiwa ya vuguvugu ladha inarudi yote. Sasa fikiria mgeni ambaye tayari mwinuko umemkata hamu ya kula, unampa maji yenye ladha ya plastiki. Hatakunywa. Mrija unakosa kazi yake.

Kilichoumaliza kabisa ni kiungo cha chini, pale mrija unapochomekwa. Uliunganishwa kwa gundi. Siku ya kwanza ukawa unalia kidogo, tone moja moja, nikadhani ni jasho la mgongo. Baada ya safari chache ukawa unavuja wazi. Kwa hiyo jaribio langu siku hizi, ambalo nawashauri wote mlifanye nyumbani kabla ya kufika Moshi, ni hili: jaza mfuko mpaka juu, toa hewa, funga, ulaze juu ya magazeti, weka kitabu kizito juu yake, lala. Asubuhi magazeti yatakwambia. Halafu uinamishe kichwa chini na uuminye kwa mikono miwili kama unavyokamua nguo. Ukitoa tone, mrudishie muuzaji siku hiyohiyo.

Mfuko nilioununua baadaye ni wa plastiki aina ya TPU. Ni laini, mzito kidogo, haunuki, na mishono yake imeyeyushwa pamoja badala ya kubandikwa. Juu unafunguka upana wote, unakunjwa na kubanwa kwa kipande cha plastiki kinachoteleza, hivyo mkono mzima unaingia kuosha. Mrija unachomoka kwa kubonyeza, maji yanajifunga yenyewe. Unaweza kwenda kujaza kwa mpishi bila kuufumua mrija wote kwenye begi. Ile sehemu ya kung'ata mdomoni, sisi tunaiita chuchu, ina kifunga cha kuzungusha pembeni. Hicho kifunga ni lazima. Bila hicho ukiliegemea begi lako kwenye benchi pale kambi ya Mandara, chuchu inabonyezwa na maji yote yanaishia kwenye suruali ya mwenzako.

CamelBak, Source, Osprey, HydraPak, wote wanauza mifuko peke yake, na mara nyingi utavikuta vifaa hivi Moshi na Arusha kwa watu wa vifaa vya mlima. Soko la Memorial, hapo Moshi, pia lina mabegi mazuri sana ya mtumba, mengine yameachwa na wageni waliowapa wagumu zawadi yakaingia sokoni. Begi la mtumba nanunua bila wasiwasi. Mfuko wa maji wa mtumba, hapana. Ukungu unakaa ndani ya mrija mahali usipopaona, na tumbo la kuendesha ukiwa mita 4,000 si jambo la kumwombea adui.

Sasa huo usiku, ule wa kupanda kileleni.

Kutoka kambi ya Kibo, mita 4,720, tunaondoka kuelekea saa sita usiku. Kuna baridi chini ya sifuri, na upepo juu yake. Dada mmoja mhasibu kutoka Dar, mkakamavu kweli, alikuwa amekunywa vizuri siku zote kwa mrija wake. Tulipopumzika Pango la Hans Meyer, kama mita 5,150, akavuta, hakuna kitu. Akavuta tena mpaka mashavu yakazama. "Kaka, maji yameisha." Nikaweka kiganja kwenye begi lake: linacheza, lina lita mbili na zaidi. Nikaushika mrija chini ya taa ya kichwani. Ulikuwa umepauka, mgumu, ukiukunja unalia krak, krak. Chuchu ilikuwa kidonge cha barafu. Na mrija wake ulikuwa umevikwa ile soksi nene ya mpira ambayo watengenezaji wanaiuza kama kinga ya baridi.

Mfuko uliopo mgongoni haugandi haraka, kwa kuwa maji ni mengi na joto la mwili linayagusa. Mrija ni tofauti. Uko nje kwenye upepo, una maji machache tu, na katikati ya funda na funda yanasimama tu. Barafu inaanza kwenye chuchu, inashuka. Ile soksi inachelewesha, haizuii. Na kuufungua mfuko usiku ule, gizani, na glavu mbili mkononi, maana yake ni kulitoa begi lote, kumwaga vitu juu ya mawe, na kuhatarisha kujimwagia maji ambayo yatakugandia kwenye nguo. Sikumruhusu ajaribu. Nilimpa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yangu ya chai, kikombe kimoja na nusu, na tukaendelea kwa mtindo huo mpaka Gilman's, ukingoni mwa kreta, mita 5,685.

Kuna mbinu, na zinafanya kazi mpaka kiwango fulani. Ukimaliza kunywa, usiuache mrija na maji: puliza hewa kwa nguvu mpaka usikie yanarudi mfukoni. Mrija mtupu haugandi. Upitishe chini ya kwapa ndani ya koti, siyo juu ya bega. Jaza maji ya vuguvugu jioni. Lakini mtu aliyechoka saa tisa usiku anasahau kupuliza mara moja tu, na mara moja inatosha. Kwa hiyo kundi langu siku hizi linabeba pia chupa ngumu ya lita moja yenye mdomo mpana kwa kila mtu, imevikwa soksi ya sufu, imewekwa ndani ya begi kichwa chini. Barafu inaanzia juu ya maji. Ukiigeuza chupa, barafu inaganda upande wa kitako na mdomo unabaki unafunguka. Hilo ndilo tegemeo la usiku wa kilele. Mrija ni wa siku nyingine zote. Vilevile kwa wanaopita kambi inayoitwa Barafu, mita 4,673: pale hapana maji, wagumu wanayabeba kutoka bonde la Karanga, hivyo kila lita unayoiacha igande au imwagike ni lita ambayo kijana mwenzetu aliipandisha kichwani.

Usafi. Ndani ya mfuko yaingie maji tu. Siyo glukosi, siyo juisi ya ukwaju, siyo ile poda ya machungwa. Sukari ikishalala kwenye mrija siku mbili, doa jeusi linaota na halitoki. Ukitaka kuweka dawa ya kurudisha maji mwilini, iweke kwenye chupa. Ukishuka, osha kwa maji ya vuguvugu na kijiko cha baki soda, ile ya kuokea, usichanganye na magadi. Mrija upitishe kamba yenye fundo la kitambaa, uvute kutoka upande hadi upande. Halafu tundika mfuko kwenye kamba ya nguo kivulini, ndani umetiwa mwiko ili kuta zisishikane. Wenye nafasi kwenye friza, mfuko uliokauka ukihifadhiwa humo hauoti kitu mpaka safari ijayo.

Hela zangu zilikwenda hivi: begi na mfuko wake wa bluu elfu tisini na tano, fundi elfu tano, mfuko wa TPU elfu themanini. Jumla laki na themanini. Ningelinunua tena begi lilelile, ila ningemwambia muuzaji autoe mfuko wake na apunguze bei, na nimeshawasindikiza wageni wawili Kariakoo wakafanya hivyo; mmoja alipunguziwa elfu kumi, mwingine elfu saba na maneno makali. Kama fungu lako haliruhusu yote mawili, chukua begi la mtumba Memorial, la kupanda mlima la kawaida lisilo na mikanda ya kijeshi, ambalo ni jepesi na mkanda wake wa kiunoni kwa kawaida ni bora, halafu hela iliyobaki iweke yote kwenye mfuko wa maji na chuchu ya akiba. Chuchu inapotea kirahisi kuliko unavyofikiri, na juu ya Horombo sijamwona mtu anayeziuza.